Umeiva kwenye Photoshop, sasa unahamia kwenye vekta: wa Kigoma na mikoa jirani tukutane hapa

MwishoWaReli (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu ni wa watu wa studio. Anayeanza sifuri anakaribishwa, ila nitakaowasema zaidi ni wale ambao Photoshop hawaulizi tena mtu. Unasafisha uso wa bibi harusi, unabadilisha rangi ya nyuma ya picha ya pasipoti huku unaongea na simu, bango la tamasha unalimaliza kabla chai haijapoa. Halafu mteja anakuja anataka stika ya kioo cha nyuma cha gari, au jina la duka la herufi za kukata, unafungua Illustrator (programu ya Adobe ya kuchora vekta, yaani mistari na maumbo badala ya picha), unashika kalamu, na baada ya muda mfupi unaifunga kwa hasira unarudi ulikozoea.

Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kubishana aanzie hapa: kinachokukwamisha ni ule ufundi wako wa Photoshop. Kijana asiyejua chochote anaweza kukupita miezi ya mwanzo, kwa sababu yeye hana mazoea ya kuacha.

Kwenye Photoshop kazi inaanza na kitu ambacho tayari kipo. Picha imepigwa, mwanga umeingia, wewe unarekebisha: unapunguza, unaongeza, unafuta, unafunika kwa kivuli. Ukingo wa kitu ukiwa haueleweki unaupaka ukungu kidogo, mambo yanaenda. Kwenye vekta huna pa kujificha. Karatasi ni tupu, na kila ukingo lazima uuamue: unaanzia wapi, unapinda wapi, unaishia wapi. Kompyuta haihifadhi picha, inahifadhi maelezo ya umbo: nukta hii, nukta ile, mstari kati yake upinde hivi, ndani kuwe na rangi fulani. Ndiyo maana ukikuza halichakai. Linachorwa upya kila mara kwa ukubwa unaoutaka.

Kwa nini ujisumbue? Chukua bango la mita 3 kwa mita 1. Ukilitengeneza Photoshop kwa rezolusheni ya pikseli 300 kwa inchi (pikseli ni vile vitone vya rangi vinavyounda picha), unapata pikseli 35,433 kwa 11,811. Faili la PSD, lile la kawaida la Photoshop, mwisho wake ni pikseli 30,000 kila upande, kwa hiyo hata kulihifadhi hivyo haliwezekani, inabidi uhamie PSB, lile la kazi kubwa. Na leya (tabaka) moja tu isiyobanwa ni zaidi ya gigabaiti moja. Najua, bango halihitaji 300, watu wanachapa kwa 100 na linapendeza kwa mbali. Lakini bango hilohilo likiwa na maandishi na nembo tu, bila picha, faili lake la vekta mara nyingi halifiki megabaiti moja, na linaweza kurudi kuwa kadi ya biashara bila kuguswa.

Sasa mitego. Wa kwanza ni vidole. Adobe ni ileile, ukurasa unafanana, kwa hiyo vidole vinajiendea vyenyewe. Photoshop ukibonyeza Ctrl+T unapata mpini wa kukuza na kuzungusha; Illustrator inakufungulia dirisha la maandishi. Ctrl+J uliyozoea kunakilia leya, huku inaunganisha ncha mbili za mstari. Ctrl+D ya kuondoa uteuzi, huku inarudia tendo la mwisho: umesogeza kitu, kinasogea tena. Hiyo ya mwisho ukishaizoea utaipenda kuliko zote. Nakili ua moja ukilisogeza kwa kushikilia Alt, kisha bonyeza Ctrl+D mfululizo, pindo lote la kanga limejaa.

Mtego wa pili ni leya. Mtu wa Photoshop kila kitu anakiwekea leya yake. Kwenye vekta kila umbo tayari linajitegemea, lina mahali pake juu au chini ya mwenzake, na unaweza kuwa na maumbo mia kwenye leya moja. Leya zinatumika kutenganisha kazi: picha ya kufuatishia chini, michoro katikati, maandishi juu. Basi.

Mtego wa tatu, mkubwa kuliko yote, ni nukta nyingi. Uliyezoea kukata nywele za bibi harusi kwa kubofya bofya utaizungushia herufi S nukta arobaini. Itaonekana kama imetafunwa. Kila nukta ina vile vijiti viwili vinavyotoka pembeni (mimi naviita masharubu) na kazi yote ya kupinda inafanywa na masharubu, si na nukta. Duara zima lina nukta 4 tu: juu, chini, kushoto, kulia. Ukichora umbo lolote la mviringo, tafuta pale linapofika juu kabisa, chini kabisa na pembeni kabisa, weka nukta hapo, vuta masharubu huku umeshikilia Shift yanyooke sawa. Ukiona unahitaji nukta ya katikati, kwanza ifute, ujaribu kurefusha sharubu.

Nawasilisha. Maswali yaje.

Mgebuka_Mkavu

Mkuu umenisema mimi kabisa. Swali: Photoshop nayo si ina kalamu? Nimeitumia miaka kukata picha. Ina tofauti gani?

MwishoWaReli

Hakuna tofauti, na kama unakata picha kwa kalamu badala ya fimbo ya uchawi (kile kifaa cha kuchagua kwa kubofya rangi), wewe umeshavuka nusu ya mto. Herufi P ni ileile, mshale mweupe wa A ni uleule. Tofauti ni kwamba Photoshop unafuata ukingo ambao kamera imeshaukamata, ukimaliza unageuza kuwa uteuzi na ule mstari unausahau. Illustrator mstari ndio kazi yenyewe. Mteja anaulipia huo.

Jambo ninalolipenda: hesabu ya hiyo mistari haikutoka kwa wachoraji, ilitoka kwenye viwanda vya magari Ufaransa. Pierre Bézier wa Renault ndiye jina lake lilibaki, ingawa Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameshaifikia mwaka 1959. Walitaka kuieleza mashine mpindo wa bodi ya gari bila kubahatisha. Illustrator ilipotoka 1987, ikiwa imeitangulia Photoshop kwa miaka mitatu, kalamu ilikuwa ndiyo roho yake. Kwa hiyo usijisikie vibaya mkono ukigoma. Unashika kifaa cha mhandisi.

BintiWaIsevya

Nawasalimu kutoka Tabora. Natengeneza kadi za michango na mialiko, zote Photoshop. Steshenari wanaonichapishia wanalalamika maandishi madogo yanatoka na ukungu pembeni. Hilo vekta inatibu?

MwishoWaReli

Dada, inatibu. Maandishi ya Photoshop yanabaki makali mpaka pale unapoyageuza JPG. Hapo yanakuwa pikseli kama uso wa bwana harusi. Weka picha ya maharusi Photoshop, isafishe, ikate, ihifadhi. Maandishi, maua, mistari na fremu fanya Illustrator au Inkscape (programu nyingine ya vekta, ya bure), halafu picha iingize humo. Toa PDF. Herufi zinakwenda kwa mashine zikiwa umbo, hata ukiandika jina la ukumbi kwa ukubwa wa sita zinasomeka.

Mambo mawili yatakusumbua mwanzoni. Picha ukiiingiza Illustrator kwa kawaida inakuwa imeunganishwa tu, faili linakumbuka ilipo kwenye diski yako. Ukibeba faili la AI (la Illustrator) peke yake kwenye flashi, kule unapochapisha picha haitaonekana. Ipachike ndani kabisa, au beba folda nzima. La pili ni fonti. Yule mwandiko wa kuzungusha zungusha wanaoupenda maharusi, steshenari hawana. Kompyuta yao itaweka fonti nyingine na kadi itaharibika. Kabla ya kutuma chagua maandishi yote, bonyeza Ctrl+Shift+O, yanageuka maumbo. Ila hifadhi nakala ya kabla ya kugeuza, maana baada ya hapo hutaweza tena kurekebisha jina la baba mzazi lililokosewa, na kwenye kadi za harusi majina hukosewa tu.

BintiWaIsevya

Hilo la majina usiseme kaka 😂 Asante sana, naanza leo.

Kibirizi_Boy

Mnapoteza muda na Illustrator. Tanzania nzima ya stika na mabango inatumia CorelDRAW. Ingia kwa fundi yeyote wa plota (mashine ya kukata stika) kuanzia hapa mpaka Kasulu, utakuta Corel. Ukimpelekea AI anakuangalia tu.

MwishoWaReli

Hapo umesema kweli na sibishani. Kama lengo lako ni stika, Corel jifunze, na kwa mtu wa Photoshop ina faida moja ya ajabu: haifanani na Photoshop hata kidogo. Vidole havidanganyiki. Rangi unabofya kulia kwa mstari wa nje, kushoto kwa rangi ya ndani. Nukta unazihariri kwa F10, maandishi yanageuka umbo kwa Ctrl+Q. Wengi naona wanaielewa haraka.

Ila usiseme Illustrator ni kupoteza muda. Kazi ukiitoa PDF au SVG (faili la vekta linalofunguka kwenye programu nyingi), Corel inaifungua. Na aliyejua masharubu sehemu moja anayajua kote.

Mtu_wa_Kasulu

Na sisi tusio na hela? Illustrator ni ya kulipia kila mwezi, Corel nayo si ya mchezo. Wengi wanatumia za kukraki.

MwishoWaReli

Za kukraki zimejaa, nami sitajifanya polisi. Nitasema ninayoyaona: ndiyo njia rahisi ya kuingiza virusi kwenye kompyuta yenye picha za harusi za watu ambazo hazijakabidhiwa. Inkscape ni bure kabisa, ipo tangu 2003, na faili lake la kawaida ni SVG, ambayo si mali ya kampuni yoyote. Haihitaji kompyuta ya nguvu sana. Kalamu yake ni herufi B, kuhariri nukta ni N. Kuunganisha maumbo ni Ctrl na alama ya kujumlisha, kutoa moja ndani ya jingine ni Ctrl na alama ya kutoa. Mtu wa hesabu ataipenda.

Pungufu lake ni rangi za uchapaji. Kimsingi inafikiri kwa RGB, rangi za kioo cha kompyuta, wakati mashine inachapa kwa CMYK, rangi nne za wino. Kwa stika hilo halina maana, vinaili (ile plastiki ya stika) ina rangi yake tayari. Kwa kipeperushi ni tatizo kweli, hasa ile bluu kali ambayo kila mtu hapa Kigoma anaitaka iwe kama ziwa: kwenye kioo inang'aa, kwenye karatasi inafifia au inaegemea zambarau. Ukiwa Illustrator au Corel, fungua faili jipya likiwa CMYK tangu mwanzo, uione hali halisi mapema badala ya kugombana na mteja mwishoni.

Mgebuka_Mkavu

Kuna ile amri ya kugeuza picha kuwa vekta yenyewe. Si tunaingiza JPG, tunabofya, kazi imekwisha? Mbona unatuchosha na masharubu?

MwishoWaReli

Nilijua itakuja hii.

Image Trace ya Illustrator, ile ya Corel na ile ya Inkscape zote zinafanya kazi vizuri pale unapozipa kitu kisafi: saini iliyoandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, mchoro wa kalamu, alama ya muhuri iliyoskaniwa vizuri. Mteja anachokuletea ni nembo ya shule aliyotumiwa WhatsApp na mtu aliyetumiwa na mwingine, imeshabanwa njiani, pembeni ina vumbi la pikseli. Kompyuta haijui vumbi ni vumbi. Inalizungushia nukta kwa uaminifu wote. Unapata nembo yenye nukta mamia, mistari ya mwenge inatetemeka, herufi O imekuwa yai.

Nembo kama hiyo ichore upya. Ingiza JPG, ipunguze mwangaza iwe hafifu, ifunge kwa Ctrl+2 isisogee, chora juu yake. Herufi usizifuatishe, tafuta fonti inayofanana uandike. Ngao, duara na nyota zijenge kwa maumbo yaliyopo. Mara nyingi utamaliza kabla yule wa kubofya hajamaliza kufuta takataka zake. Na mteja mwambie siku nyingine atume kama dokumenti, si kama picha.

FundiRangi

Vijana, mimi ni mzee wa burashi. Nimeandika majina ya boti pale Kibirizi na vibao vya maduka Mwanga kabla hizo mashine hazijafika. Mjukuu wangu amenionyesha huu uzi. Hizo nukta mnazosema za juu, chini na pembeni, sisi tulikuwa tunaziweka kwa chaki kwanza kabla ya kupaka. Herufi O ilikuwa alama nne za chaki. S ilikuwa ngumu kuliko zote. Sasa hiyo kompyuta inataka nini tena?

MwishoWaReli

Shikamoo mzee. Haitaki kingine. Hiyo uliyoieleza ndiyo kazi yenyewe, na ningependa waliosoma uzi huu waisome post yako kwanza ndipo warudi kwenye yangu.

Wakuu, angalieni hapa. Mzee huyu hajagusa Photoshop, lakini anajua O inapaswa kuvuka kidogo mstari wa juu na wa chini ili ionekane sawa na H jirani yake. Anajua A na V zikikaa pamoja lazima zisogezwe, la sivyo pengo linaonekana. Sisi wa Photoshop tuna jicho la mwanga na rangi ya ngozi. Jicho la umbo wengi hatuna, kwa sababu umbo tulikuwa tunalikuta tayari. Mzee, naomba utuambie S uliishikaje.

FundiRangi

Marahaba. S unachora duara mbili za chaki, ndogo juu, kubwa kidogo chini. Zikilingana itaonekana inataka kuanguka mbele. Halafu unapita katikati yake. Mstari mnene unakuwa pale kati inapovuka, juu na chini unakonda.

Kibirizi_Boy

Mzee shikamoo. Hii nimeihifadhi. Duara mbili kwenye Corel ni sekunde tu.

Mtu_wa_Kasulu

Naomba zoezi la kuanzia ambalo si herufi.

MwishoWaReli

Chora samaki. Usishike kalamu kabisa.

Duara mbili sawa, zipishane, moja kushoto moja kulia. Chagua zote, nenda Pathfinder (paneli ya Illustrator ya kuunganisha na kukata maumbo), chukua sehemu ya kati tu (Inkscape ni Ctrl na nyota). Una umbo lililochongoka ncha mbili, lizungushe lilale. Huo ni mwili. Refusha uwe mgebuka, fupisha uwe kuhe. Mkia ni umbo hilohilo dogo, mara mbili, yamekutana kwenye ncha. Unganisha vyote viwe kitu kimoja. Jicho ni duara linalotobolewa, si duara jeupe lililowekwa juu. Hapo pasikilizeni: mtu wa Photoshop akitaka tundu anapaka rangi ya nyuma. Kwenye kioo vinafanana. Kwenye plota ile rangi nyeupe ni umbo jingine la kukatwa, na ukichapa kwenye fulana ya kijani samaki anabaki na jicho jeupe ambalo hukulitaka.

Ukimaliza samaki bonyeza Ctrl+Y kwenye Illustrator. Rangi zote zinaondoka, unaona mifupa tu. Mstari unaokatisha ndani ya mwili ukionekana, hujaunganisha. Mimi kazi haitoki mkononi bila kuangaliwa hivyo.

Ukitoka hapo chora boti, kisha mnazi au mchikichi, kisha ndipo ushike kalamu. Uso wa mtu acha kwanza. Watu wa Photoshop wote wanakimbilia kugeuza picha ya mtu kuwa katuni, wanakwama kwenye pua, wanasema vekta ngumu.

Mgebuka_Mkavu

Nimefanya samaki. Nimempeleka kwa jamaa mwenye plota, mwili umekatwa vizuri, ila yale mapezi niliyochora kwa mstari mnene yamekatwa uzi mmoja mwembamba, hayana unene. Kwenye kioo yalikuwa manene kabisa.

MwishoWaReli

Kisu hakijui unene, kinafuata mstari wa katikati. Unene wa mstari ni rangi tu mpaka uugeuze kuwa umbo. Illustrator inaitwa Outline Stroke, ipo kwenye menyu ya Object chini ya Path. Inkscape ni Ctrl+Alt+C, Corel ni Ctrl+Shift+Q. Geuza, halafu unganisha na mwili, la sivyo kisu kitapita mara mbili pale vinapogusana na vinaili itanyofoka.

Huohuo unene una kichaa kingine. Illustrator ina chaguo kwenye mipangilio la kukuza mistari pamoja na umbo. Likiwa limezimwa, nembo ya kadi ukiikuza iwe bango, maumbo yanakua ila mistari inabaki na unene wa kadi. Nembo yoyote ya kukabidhi, mistari yote igeuze umbo.

BintiWaIsevya

Kaka, na Photoshop ndiyo tuiage?

MwishoWaReli

Hapana dada, kwani nani atasafisha nyuso? Ngozi, vitambaa, moshi, mwanga wa jioni, picha ya zamani ya babu iliyochanika, hayo ni ya Photoshop na yatabaki huko. Kuna watu wanachora vekta inayofanana na picha halisi, wanamaliza wiki nzima kwenye sikio. Nawaheshimu, ila mteja wa Kigoma hatalipa hiyo wiki.

Kibirizi_Boy

Kwa wanaotuma kazi kwa mafundi wa plota: mkituma SVG au PDF andikeni kipimo halisi kwenye ujumbe, upana na urefu kwa sentimita. Wakati mwingine faili linafunguka likiwa na ukubwa tofauti na uliouacha. Na kama ni stika ya kubandika ndani ya kioo isomeke nje, au ya kupasi kwenye fulana, sema, ili igeuzwe kabla ya kukatwa.

Mtu_wa_Kasulu

Mkuu Kibirizi, kipimo cha kioo cha nyuma cha Noah unacho?

Kibirizi_Boy

Pima mwenyewe kwa futi kila gari, kuna wenye waipa na wasio nayo. Njoo inbox nikuonyeshe ninavyopima.